Anwani ya Longbridge

Bulapesa, Isiolo
9 Januari 2025

Wifi yangu Muslimo,

Assalam alaykum wewe na mapacha wako. Sisi huku wazima, ila jua linatupiga kana kwamba tumelikosea. Matokeo ya kidato cha nne yametoka leo, binti yangu amepata B, na nyumba imejaa majirani wanaokunywa chai yangu huku wakiuliza kwa nini si A. Nimejifungia chumbani kukuandikia. Najua polisi walichukua simu yako pamoja na ya mumeo Dayib, na hiyo uliyoazima inashikwa na watoto kuliko unavyoishika wewe. Nikikutumia sauti, kesho darasa zima litanisikiliza. Kisomali chetu ni cha mdomoni tu, kukiandika hatukufundishwa. Basi tuandikiane Kiswahili, kile tulichochapiwa viboko shuleni, na Gedi atatubebea barua, maana safari zake za mizigo kati ya Nairobi na huko hazikatiki.

Sasa nikuulize. Ndugu yangu Dayib yuko rumande tangu mwezi jana, eti amegombana na jirani juu ya pahali pa kuegesha gari, wakasukumana, jirani akaanguka akavunjika mkono. Sawa, mambo hutokea. Lakini mpaka leo hajatoka? Huku mtu akishikwa, jioni jamaa wamejaa mahakamani, huyu ana hati ya shamba, yule ana logbook ya pikipiki, hakimu anatoa bondi na mtu anarudi nyumbani kula. Wewe huko unafanya nini, wifi? Unasubiri amalize kukomaa?

Dayib nimemlea mimi. Mama alipofariki alikuwa hajui hata kufunga kamba za viatu. Ndani ya bahasha utaona hati ya kiwanja changu cha Bulapesa. Mpelekee hakimu, na asikuambie haitoshi, kiwanja kiko kando ya barabara kuu. Halafu mwambie Dayib kwamba aliyeitoa ni mimi, si mtu mwingine. Umwambie hivyo hivyo.

Wako wifi,
Samsam


Bordesley Green, Birmingham
24 Januari 2025

Kwa wifi Samsam, tajiri wa barabara kuu,

Waalaykum salaam. Mpe hongera binti yako, na hao wanaotaka A wakafanye mtihani wenyewe. Mapacha hawajambo, wamerefuka, nikiwasemesha Kiswahili wananijibu Kiingereza, na nikiwagombeza wananijibu Kiingereza cha haraka. Baridi ya mwaka huu imeniingia mpaka kwenye meno.

Hati yako ilifika na nikaipeleka kwa wakili wetu, mama mmoja wa Kipunjabi anaitwa Lakhbir. Aliishika kwa ncha za vidole, akaisoma juu na chini, kisha akaniuliza kwa upole Isiolo iko nchi gani. Hapa hawataki kiwanja, wifi. Hata fedha hawakuniomba. Wanachotaka ni anwani. Mtu akipewa dhamana lazima ataje nyumba atakayolala. Afisa anampigia mwenye nyumba, anamuuliza kama anamkubali. Kisha wanamfunga mtu kifaa mguuni, na kuanzia saa moja jioni hadi saa moja asubuhi asipokuwa ndani ya nyumba hiyo, polisi wanamfuata.

Utasema, si ana nyumba yake? Nyumba yetu na ya huyo jirani zinatazamana. Jaji amekataza kabisa asionekane mtaa huu. Tukatoa anwani ya madereva wenzake wa teksi wanaoishi pamoja Digbeth. Afisa akapiga simu, ikapokelewa na Vuai, yule kijana wa Unguja. Vuai akadhani ni watu wa kukagua nyumba zilizojaa kupita kiasi. Akasema, "Hapa hapana Dayib, wala mimi simjui, na wala sisi si wengi." Ndivyo dhamana ilivyoanguka. Nimemtukana Vuai mpaka nimeishiwa. Lakhbir anasema tuna nafasi moja tu iliyobaki ya kurudi mbele ya jaji, nayo itahitaji anwani mpya.

Anwani nyingine hatuna. Ndiyo hali ilivyo.

Nilimwambia Dayib kwamba umetoa kiwanja, kwa maneno uliyotaka. Alilia. Mimi huenda kumwona kila wiki, nabadilisha mabasi, napekuliwa mpaka kwenye soksi, na hajanililia hata mara moja. Nimeona nikuambie ufurahi.

Hati inarudi na Gedi.

Muslimo


Isiolo
7 Februari 2025

Muslimo,

Salamu nyingi. Mvua hakuna, mbuzi wanakula makaratasi, na bei ya maziwa imepanda hata mimi ninayeuza naona haya kuitaja. Binti anataka kusomea uuguzi. Hati nimeipokea, nikaambiwa na Gedi kwamba huyo wakili wako alicheka. Mungu amsamehe.

Kwamba alilia, nilijua atalia. Sikufurahi. Nilifurahi kidogo.

Lakini wifi, umeniandikia kurasa mbili za anwani na hukutaja Longbridge. Uliandika "hatuna" kama mtu aliyepekua kila kabati. Kabla ya mwaka mpya Ubah alikuja mlangoni kwako na sahani ya sambusa. Ubah, aliyekuwa mke wa Dayib kabla yako, mama wa Hibo, mwenye nyumba yake mwenyewe huko Longbridge, upande wa pili wa jiji. Alikuambia umpe wakili anwani yake, Dayib akae pale mpaka kesi iishe, mtoto amwone baba yake. Ulimjibu utamfikishia wakili. Sambusa ulipokea. Ujumbe umeukalia mpaka leo.

Unalinda nini, mama, na mtu mwenyewe yuko jela? Kwa miaka yote hii mimi nimekuvumilia. Tangu alipokuoa, akinipigia simu anazungumza akitazama mlango, kama mtoto aliyeiba sukari. Nikanyamaza. Lakini kumwacha ndugu yangu alale na wezi kwa sababu ya wivu wako, hapo sinyamazi. Ramadhani inaingia mwisho wa mwezi. Atafuturu na nani humo, na kwa chakula gani kilichopoa?

Siku hizi wanamruhusu kunipigia kutoka gerezani kila Ijumaa. Ijumaa ya tarehe ishirini na moja, kama bado yuko ndani, nitamwambia mwenyewe.

Samsam


Bordesley Green
20 Februari 2025

Samsam,

Salamu utazikuta chini nikipoa.

Ndiyo, nilinyamaza. Nilikuwa na anwani tangu Desemba na nikainyamazia. Nilikwenda gerezani nikakaa mbele ya mume wangu, akaniuliza, "Kwani hakuna hata mtu mmoja wa kunichukua?" nikamwambia hakuna. Unataka nikuambie nilisikiaje? Vibaya. Lakini nikimwazia kwa Ubah, anashuka ngazi za Ubah asubuhi, anakaa kwenye kiti cha Ubah, nilisikia vibaya zaidi.

Wewe humjui kama ninavyomjua mimi niliyefuata baada yake. Alikuja mlangoni ananukia udi wa uunsi, shungi limekaa sawa, hana hata mafua, na mimi Desemba yote nilikuwa napenga kamasi. Hakunitukana. Akasema, "Abaayo, dada yangu, mimi sitaki kitu, ni Hibo anamuuliza babake." Angenitukana ningempa anwani siku ile ile ili nimwaibishe kwa wema. Hiyo nyumba ya Longbridge Dayib aliipaka rangi kwa mkono wake. Aliniambia mwenyewe, siku moja tulipopita na gari, na akaitazama mpaka taa zikageuka kijani. Hayo huyajui, wewe na simu zako za Ijumaa.

Halafu kuna dini, ambayo nyote mmeisahau ghafla. Alimwacha, eda ikaisha zamani, si maharimu wake tena. Mtu na mtalaka wake wafungiwe nyumba moja kwa amri ya serikali, kila jioni mpaka asubuhi, na kifaa mguuni kuhakikisha hatoki? Nilimuuliza shehe wa msikitini, na hata yeye alivuta ndevu.

Basi hivi ndivyo nilivyofanya. Jumatatu nilimpa Lakhbir anwani. Kisha nikapanda treni mpaka Longbridge nikamwambia Ubah: akiingia yeye, naingia na mimi, na mapacha, na sufuria zangu. Nilitaka akatae. Alicheka, akasema, "Kuja tu. Lakini dishes ni kwa zamu, na thermostat ya joto hakuna mtu anaguza." Wanaume wa ukoo wakiniuliza, nitasema nimehamia huko ili pasiwe na faragha ya haramu. Wewe unajua kwa nini nimehamia.

Sasa nijibu neno moja. Ubah alijuaje kwamba Dayib ameshikwa, wiki ile ile, kabla hata msikiti haujajua? Aliyemtuma mlangoni kwangu ni wewe? Sema ndiyo au sema la.

Jumanne tarehe 25. Nimeichelewesha barua ili niongeze haya. Wamempa. Afisa alimpigia Ubah, Ubah akajibu kwa Kiingereza kile chake kilichopigwa pasi, na jaji akakubali. Ametoka jioni na mfuko wa plastiki mkononi. Alinikumbatia kwanza mimi, nilihakikisha nimesimama mbele.

Zile salamu nilizoahidi: salaam alaykum.

Muslimo


Isiolo
12 Machi 2025

Wifi yangu mpenzi,

Ramadhani karim kwenu nyote. Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikaswali rakaa mbili za shukrani. Ametoka! Nilichinja mbuzi, yule mweupe mwenye kiburi. Watu wa Bulapesa wamefuturu kwangu mpaka wakasahau kwao.

Hapa mambo ni yale yale. Binti amepata nafasi Meru. Mdudu ameingia kwenye mahindi ya jirani. Mimi goti la kushoto linanisumbua nikiinama.

Sasa amepata simu na ananipigia, lakini hazungumzi na mimi kama zamani. Dakika mbili tu, mara "Ubah amepika, wananingoja", mara "Muslimo ananiita". Wananingoja! Mimi ndiye niliyemngoja tangu siku alipopanda ndege. Mwezi mzima wa kwanza wa Ramadhani aliofunga akiwa mtoto, nilikuwa nampa maji kwa siri adhuhuri na kuapa mbele ya watu kwamba amefunga. Sasa wanawake wawili wanagombania kumpa tende na mimi naambiwa mtandao unakatika. Niandikie anakula nini. Niandikie nani anampikia, na kama amenenepa, na analala upande gani wa nyumba. Usinifiche kitu, mimi sina pa kutazamia.

Uliniuliza swali. Gedi yuko nje anapiga honi, anasema ndege haimsubiri, kwa hiyo leo sitaweza kuandika sana.

Samsam


Longbridge
28 Machi 2025

Wifi Samsam,

Ramadhani yetu inaelekea ukingoni. Hawajambo wote, na goti lako lipake mafuta ya moto. Honi ya Gedi nimeisikia hadi huku.

Unataka kujua, basi jua. Nyumba ina chumba kikubwa kimoja, kijichumba na sebule. Ubah na Hibo wanalala chumba kikubwa na wanafunga kwa ufunguo, sauti ya ufunguo huo naisikia kila siku na bado huwa nausikiliza tena. Mapacha wako sebuleni. Mimi na Dayib tuko kijichumbani, kitanda kimoja cha mtu mmoja, miguu yake imetoka nje na kile kifaa kinanikwaruza. Sijalala vizuri tangu Februari na singekubali kulala kwingine.

Kupika tunapika sote wawili, kila mmoja sufuria yake. Dayib, maskini, anakula kwangu kisha anakula kwake, na amenenepa kama mtu aliyetoka hoteli. Jana Ubah alimmiminia chai bila iliki. Nikasema, "Mwekee iliki." Akasema, "Hapendi." Nikasema, "Miaka saba anakunywa chai yangu na iliki." Dayib alikuwa anatazama sakafu. Ubah akasema taratibu, "Basi amekua mvumilivu." Niliingia chooni nikafungua maji nikalia. Wifi, mume wangu hapendi iliki, na nimeijua habari hiyo jikoni kwa mtalaka wake.

Na Hibo. Wanacheka pamoja kicheko kimoja, yeye na baba yake, wanaanza pamoja na kumaliza pamoja. Sina haki ya kumwonea kijicho mtoto wa darasa la tano. Namwonea.

Ubah hanitendei ubaya wowote, na hilo linanikera kuliko yote. Anaamka mapema kunichemshia maji. Nilipopata homa alinikanda mgongo. Kuanzia magharibi mpaka alfajiri nalinda nyumba hii kuliko kile kifaa, hata maji Dayib hanywi nisijue. Asubuhi ndiyo nafuu yangu. Natoka na mapacha, tunapanda treni kisha basi kuwapeleka shule yao kule kule Bordesley Green, narudi karibu na adhuhuri nimechoka hoi.

Kesi imepangwa Juni. Kumbuka bado hujanijibu.

Muslimo


Isiolo
3 Mei 2025

Muslimo wangu,

Idi ilipita vizuri, nilivaa ile shali uliyonitumia mwaka juzi, watu wakauliza bei. Mvua imenyesha hatimaye, mbuzi wameacha makaratasi. Goti limepata nafuu, mafuta yako ni dawa kweli.

Nimefurahi mnapatana. Nyumba iliyojaa watoto ina baraka, na Dayib sauti yake siku hizi imetulia, naisikia. Ubah alinifaa sana wakati binti yangu anaumwa, aliuza bangili zake, sijui kama Dayib alikusimulia. Talaka ile ilikuwa ya hasira za ujana, watu wawili wakaidi. Dini yetu ina nafasi pana, na mwanamke mwenye busara akishazoea jambo huona lilikuwa jepesi. Mimi nasema tu. Kila mtu anajua lake.

Binti anakusalimu. Makapu mawili ya zawadi yanakuja na Gedi, lile kubwa ni la Ubah na lile lingine ni lako.

Samsam


Bordesley Green
19 Juni 2025

Samsam,

Salaam alaykum. Mapacha wazima, mitihani yao imeisha. Kapu langu nililipokea, na lile kubwa nilimfikishia mwenyewe.

Kesi imekwisha. Jirani alihama mwezi wa tano, na siku ya kesi hakutokea kutoa ushahidi. Upande wa mashtaka ukasimama ukasema hauendelei. Jaji akamwambia Dayib anaweza kwenda popote apendapo. Wakaja watu wakakata kile kifaa mguuni, kikaacha alama nyeupe. Nilitandika kitanda chetu huku Bordesley Green, nikaosha mapazia. Nilirudi Longbridge kuchukua sufuria zangu, nikiimba kwenye treni kama mwehu.

Ubah alinisaidia kubeba mpaka kituoni. Kule chini, kwenye maegesho ya supamaketi, aliweka sufuria chini. Akasema, "Abaayo, hii siwezi kukaa nayo. Dayib ali-propose kwangu. Mara mbili. Asubuhi, wewe ukiwa umepeleka watoto shule."

Nikamuuliza alimjibu nini. Akasema, "Nilimwambia nyumba ni yangu, nimempa room kwa sababu ya Hibo, si ati nilikuwa natafuta bwana. Nikamwambia wewe unalala umefinywa na miguu yake ukimlinda, na yeye anangoja utoke. Nikamwambia aibu." Kisha akasema Dayib alijitetea kwamba mambo yote yameshapangwa, dada yake ameridhia tangu Desemba.

Dada yake ni wewe. Kwa hiyo swali langu, nani alimtuma Ubah mlangoni kwangu, limejibiwa, usihangaike tena.

Nilitaka sana kumchukia Ubah, nimejizoeza miezi mingi, na palepale nikakosa pa kuanzia. Nilimwonea wivu tena, wivu mpya kabisa: kwamba ameombwa mara mbili na mwanamume ninayempenda mimi, na ameweza kusema hapana. Mimi ningeweza? Aliinua sufuria zangu akanipandishia kwenye treni.

Kulala kwangu nimemkatalia, Dayib sasa analala Digbeth kwa Vuai na wenzake. Kila jioni anakuja. Watoto wanamfungulia, anakula, anakunywa chai isiyo na iliki, ananitazama. Nampenda, wifi, hilo sitakuficha, na nikimwona akiinama kuvaa viatu aondoke moyo unanitoka. Namwacha avae. Hajui kwamba najua. Ananiuliza nimekasirikia nini, na siku nyingine anauliza kwa hasira, anasema jaji mwenyewe amemruhusu kurudi mtaa huu.

Jaji amemruhusu. Ulitaka atoke, ametoka. Kuingia kwangu hakuna wa kumdhamini, si wewe na kiwanja chako, si Ubah na wema wake. Akae mbele yangu aseme alichomwambia Ubah asubuhi zile, yote, mimi nikisikiliza. Akishamaliza, ndipo nitajua kama nina anwani ya kumpa.

Muslimo